Majibu ya siliaki hayana kitu lakini nikila mkate naumwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa na hili tatizo miaka sita sasa, na kila mtu akishajua kwamba nimepitia huko ananiuliza maswali yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa sehemu moja. Mimi sio dokta, ni mgonjwa niliyesoma sana kwa sababu nilichoka kuumwa. Chukua haya uende nayo kwa daktari wako, yasiwe badala yake.

Vipimo vimetoka hasi. Ina maana ni mawazo yangu tu?

Hapana. Majibu hasi yanasema kitu kimoja tu, kwamba siku ile damu ilipotolewa alama za siliaki, ule ugonjwa wa utumbo unaoletwa na gluteni ya ngano, hazikuonekana. Hayasemi tumbo lako halijai gesi, hayasemi kichwa hakigongi, hayasemi ule uchovu wa kushindwa kunyanyuka kitandani ni wa kujitakia. Wako watu wengi tu ambao wakila ngano wanaumwa na hawana siliaki wala aleji, na madaktari wa tumbo wanaitambua hiyo hali, wanaiita kutopatana na gluteni bila siliaki.

Ila naomba ushike na hili la pili kwa uzito uleule: kuumwa kwako ni kweli, lakini kwamba aliyekuumiza ni gluteni, hilo bado halijathibitishwa. Mimi mwenyewe nilimlaumu gluteni miaka miwili mizima na haikuwa yeye, nitaeleza huko chini.

Kwani vipimo vya siliaki vinapima nini hasa?

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inajishambulia yenyewe. Gluteni ni protini iliyoko kwenye ngano, shayiri na rai, na mwenye siliaki akiila kinga yake inashambulia utumbo mwembamba mpaka vile vijinyuzi vidogo vinavyofyonza chakula vinalala na kuisha. Inakadiriwa mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi hawajui.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaitwa tTG-IgA, kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza wakati wa hayo mashambulizi. Kikionyesha kitu, kwa mtu mzima kawaida anafuata mtaalamu wa tumbo, unapitishwa kamera mdomoni na vinachukuliwa vipande vidogo vya nyama ya utumbo kwenda kuangaliwa kwa hadubini. Angalia hapo jambo moja muhimu: vipimo vyote viwili vinatafuta matokeo ya vita. Kama hamna vita siku hizo, hamna cha kuonekana.

Nilishaacha ngano kabla ya kupima. Kuna shida?

Kubwa sana, na kama una muda wa kusoma jibu moja tu humu basi soma hili.

Kingamwili zinashuka ukiacha gluteni, na utumbo unaanza kupona. Kwa hiyo mtu mwenye siliaki kabisa akiacha mkate miezi mitatu halafu akaenda kupima, anaweza kupewa majibu masafi kabisa na akaambiwa hana kitu. Mimi ndo nilifanya hivohivo. Nilisoma mahali kwamba ngano ni mbaya, nikaacha, nikapata nafuu, ndipo nikaenda kupima, na hakuna mtu hata mmoja pale aliyeniuliza unakula nini siku hizi. Nikapewa karatasi, hasi, nikarudi nyumbani nikiamini siliaki imeshafutwa wakati kile kipimo hakikuwa na maana yoyote.

Ikabidi nirudi nyuma. Madaktari wengi wanaomba ule gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kila siku, kwa wiki 6 hivi mpaka 8, ndipo upime. Vipande viwili vitatu vya mkate wa ngano kwa siku vinatosha. Sikufichi, zile wiki zilikuwa mbaya, kuanzia siku ya nne tumbo lilikuwa limevimba mpaka nikawa nalala kwa kukaa. Lakini nilipopima tena nikiwa nakula, na kamera nikapitishwa, na ikawa hasi tena, sasa hapo ndo nilikuwa na jibu la kusimamia.

Kwa hiyo kama bado hujaacha ngano na unafikiria kuacha, tafadhali, pima kwanza. Na kama ulishaacha zamani, mwambie daktari wazi kabisa tangu lini, mpange pamoja. Usijilazimishe peke yako kama ngano inakuletea hali kali, kuna njia nyingine (soma swali la vinasaba).

Na kama nilikuwa nakula kawaida, bado kipimo kinaweza kukosea?

Kinaweza, mara chache. Kuna watu miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, yaani ile aina ya kingamwili ambayo kipimo cha tTG-IgA kinaitafuta, na hao wamo zaidi kwenye kundi la wenye siliaki kuliko watu wengine, kama 2 au 3 kati ya wagonjwa 100. Sasa kama kipimo kinatafuta IgA na wewe huna, kitatoka hasi hata ukiwa unaumwa vibaya. Ndo maana inatakiwa ipimwe na jumla ya IgA palepale, na ikionekana iko chini kabisa unapimwa kwa aina nyingine ya kingamwili, IgG. Chukua karatasi yako uangalie kama hiyo jumla ipo. Ukikuta haipo, uliza.

Upande wa kamera nako, uharibifu unaweza kuwa wa mabaka, hapa umeharibika pale pazima, kwa hiyo kipande kimoja hakitoshi, wataalamu wanataka angalau vinne pamoja na kimoja au viwili vya pale mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba. Na wapo wachache wenye siliaki ya kweli ambao damu haionyeshi kitu ila utumbo umeharibika. Kwa upande mwingine, utumbo unaweza kuharibika vilevile bila siliaki, kwa mfano kuna dawa ya presha inaitwa olmesartan ambayo kwa baadhi ya watu inaleta kuharisha sana na kufanya utumbo uonekane kama wa siliaki. Taja dawa zako zote, hata zile unazoona hazihusiani.

Pia kama una vipele vya malengelenge vinavyowasha sana kwenye viwiko, magoti na makalio, onyesha. Kuna siliaki inayojitokeza kwenye ngozi na inapimwa kwa kuchukua kipande cha ngozi pembeni ya kipele, sio kipele chenyewe.

Kipimo cha vinasaba kinasaidia?

Kinasaidia kukataa, hakisaidii kukubali. Karibu kila mwenye siliaki ana kinasaba cha HLA-DQ2 au DQ8. Ukipimwa ukakutwa huna hata kimoja, siliaki unaweza kuisahau, na uzuri wake ni kwamba kipimo hiki hakijali umekula ngano au hujala. Lakini ukikutwa unacho usishtuke, watu 30 mpaka 40 kati ya 100 wanavyo na wengi wao hawataugua maisha yao yote.

Inaweza kuwa aleji ya ngano?

Inaweza, na hiyo ni kitu tofauti kabisa. Aleji huja haraka, dakika chache mpaka saa mbili hivi: mdomo kuwasha, vipele, kuvimba, kutapika, kukosa pumzi. Inapimwa kwa ngozi au damu. Kama umewahi kuvimba koo au kupumua kwa shida baada ya kula, achana na majaribio yote ya humu, nenda kwa daktari kwanza.

Sasa kama sio siliaki na sio aleji, ni nini kinaniumiza?

Hapa ndo utamu wa jambo lenyewe ulipo, nivumilie kidogo.

Mwaka 2011 watafiti wa Monash huko Australia waliwachukua watu 34 wenye matumbo yanayosumbua ambao siliaki ilishaondolewa, wakawapa mkate na keki, wengine vyenye gluteni na wengine visivyo na gluteni, hakuna aliyejua anakula kipi. Waliopewa gluteni waliumwa zaidi. Dunia ikapokea, watu wakasema si tuliwaambia.

Lakini watafiti walewale hawakuridhika, na hilo nawaheshimu nalo sana. Mwaka 2013 wakarudia na watu 37, ila safari hii kwanza wakawapunguzia kundi la sukari na nyuzi ambazo utumbo haufyonzi vizuri, zinaitwa kwa kifupi fodimapu. Karibu wote wakapata nafuu. Halafu wakawarudishia gluteni yenyewe tupu kwa siri, na gluteni haikufanya tofauti ya maana.

Maana yake ni nini? Ngano haina gluteni tu. Ina fruktani, ambayo ni mojawapo ya hizo fodimapu. Fruktani haimeng'enywi, inafika utumbo mkubwa ikiwa nzima, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa. Ukiacha mkate unaacha gluteni na fruktani kwa pamoja, unapona, halafu sifa yote anapewa gluteni. Mwaka 2018 watafiti wa Norway wakawapa watu 59 waliojiona hawapatani na gluteni vitafunio vya aina tatu, kwa zamu, wiki moja moja: chenye gluteni, chenye fruktani, na cha bure kisicho na kitu. Watu 24 waliumwa zaidi kwenye fruktani, 22 kwenye kile cha bure, na 13 tu kwenye gluteni.

Kuna na protini nyingine za ngano, zinaitwa ATI kwa kifupi, ambazo zimeonekana kuchokoza kinga ya mwili, nazo zinaendelea kuchunguzwa. Na wapo ambao ukiwapima kwa siri kabisa ni gluteni kweli. Uchambuzi mmoja wa 2017 uliounganisha majaribio 10 ya namna hiyo ulikuta kama watu 16 kati ya 100 ndio walioumwa na gluteni yenyewe. Wapo, hata kama ni wachache, na wasidharauliwe.

Kuna kipimo cha damu cha hali hii?

Hamna. Mpaka leo hamna. Zile karatasi za kupima IgG ya vyakula mia au mia mbili, unaletewa orodha ndefu yenye rangi nyekundu na kijani, hazigundui hali hii. IgG ya chakula inaonyesha tu kwamba umekula hicho chakula. Nimeona watu wakitoka na orodha ya vyakula 40 vya kuacha, wanakonda, wanaogopa kula, na tumbo liko vilevile. Inaniuma sana.

Nitajuaje basi?

Kwa kujaribu, ila kwa utaratibu. Wataalamu walikaa Salerno, Italia, wakaandika utaratibu uliochapishwa 2015. Kwa kifupi: baada ya kuondoa siliaki na aleji, chagua dalili moja mpaka tatu zinazokusumbua zaidi, uzipe alama 1 mpaka 10. Acha gluteni wiki 6. Kama hazijashuka angalau kwa asilimia 30, basi gluteni sio mkosaji, rudi kula mkate wako. Kama zimeshuka, sehemu ya pili ni kurudishiwa gluteni kwa siri, gramu 8 kwa siku wiki moja, kupumzika wiki moja, halafu wiki ya kile cha bure, bila kujua ipi ni ipi.

Hiyo sehemu ya pili kwa kawaida inafanywa na watafiti, lakini mimi niliomba dada yangu anisaidie nyumbani, na daktari wangu alijua. Dada alioka keki ndogo za aina mbili kwa unga usio na gluteni, moja akaiongezea unga wa gluteni iliyotenganishwa, ule wa wapika mikate, nyingine hakuongeza kitu. Akazifunga kwenye mifuko, moja uzi mwekundu, nyingine uzi wa bluu, siri akaiandika kwenye karatasi akaitia kwenye bahasha. Wiki ya uzi mwekundu nilijaza kwenye daftari tumbo 7, kichwa 6, nikawa na uhakika kabisa kwamba hiyo ndo yenye gluteni. Wiki ya bluu tumbo 3. Tulipofungua bahasha, nyekundu ndo haikuwa na kitu.

Nilikaa kimya muda mrefu. Halafu tukafungua daftari kurudi nyuma, na ndipo dada akaweka kidole kwenye ile wiki nyekundu: siku nne kati ya saba nilikuwa nakula supu ya dengu, yenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Vitunguu vina fruktani nyingi sana, na dengu nazo zina fodimapu zake. Tangu hapo nikafanya jaribio la fodimapu na mtaalamu wa lishe na mambo yakafunguka.

Kwa hiyo daftari, ndugu yangu. Andika kila unachokula na sio ngano tu, saa uliyokula, saa dalili ilipoanza, usingizi, na kama ni mwanamke andika na siku za hedhi. Bila ile supu kuandikwa ningekuwa bado namlaumu mkate.

Dalili zinakuja baada ya muda gani?

Saa chache mpaka siku moja au mbili. Tumbo kujaa na kuuma ndo zinaongoza, kisha kuharisha au kukosa choo, uchovu, kichwa, akili kuwa na ukungu, viungo kuuma, wengine mikono na miguu kufa ganzi.

Watu wananiambia ni ya kichwani. Niwajibu nini?

Matarajio yana nguvu, hilo ni kweli na umeliona hapo juu kwa wale 22 walioumwa na kitafunio cha bure. Utumbo una neva nyingi sana na unaongea na ubongo kutwa nzima. Ukikaa mezani ukiwa na hofu, tumbo linakaza kweli, gesi ni ya kweli, maumivu ni ya kweli. Kwa hiyo mtu akikwambia ni hofu, hata kama amepatia kidogo, bado hajasema kwamba huumwi. Mimi nilikuwa nawaambia watu wangu wa karibu hivi tu: nimeshapima, sina siliaki, bado natafuta, nisaidieni nisile kitu fulani kwa wiki hizi sita. Ukisema una tarehe ya mwisho watu wanaelewa zaidi.

Vitu gani vingine daktari aviangalie?

Kutopatana na lactose (sukari ya maziwa), bakteria kuzidi kwenye utumbo mwembamba, vimelea kama jiadia, tezi ya shingo, upungufu wa madini ya chuma, IBS (utumbo unaosumbua muda mrefu bila uharibifu unaoonekana). Kwa wenye kuharisha maji kila siku, hasa waliovuka umri wa kati, kuna hali ya ukuta wa utumbo mkubwa kuvimba ambayo kamera haiioni kwa macho mpaka kipande kichukuliwe.

Na usikae nyumbani na majaribio ya lishe ukiwa na haya: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, kuamshwa usiku na kuharisha, homa, damu kupungua, au tumbo kubadilika ghafla ukiwa umevuka miaka 50.

Lazima niepuke hata chembe, kama wa siliaki?

Kwa mwenye siliaki ndiyo, chembe inamdhuru hata asiposikia kitu. Kwake chakula kinachoandikwa hakina gluteni ni kile kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Kwa hali yetu hii haijaonekana kwamba utumbo unaharibika kwa namna ile, kwa hiyo kiasi unakipanga kwa dalili zako. Wengine kipande kimoja cha mkate hakina neno ila vitatu vinawalaza. Kama shida yako ni fruktani, mkate uliochachushwa taratibu kwa hamira ya asili mara nyingi una nafuu, kwa sababu wale vijidudu wameshaila sehemu ya fruktani kabla yako, na soya sosi, ingawa mara nyingi inatengenezwa na ngano, huna haja ya kuikimbia. Ndo maana nasisitiza umjue mkosaji, usije ukajifungia maisha mazima kwa kosa la mwingine.

Nikiacha ngano nile nini?

Mchele, mahindi, mtama, ulezi, viazi, muhogo, nyama, samaki, mayai, matunda, mboga. Angalia nyuzi, chuma na vitamini za kundi B zisipungue. Biskuti na mikate ya pakiti iliyoandikwa haina gluteni mara nyingi ina sukari na mafuta mengi kuliko unavyodhani, isigeuke kuwa chakula chako cha kila siku.

Naweza kumwachisha na mwanangu?

Usimwachishe kabla hajapimwa. Mtoto anakua, na ukimwachisha kwanza utaficha siliaki kama anayo.

Nilishapima, ni hasi. Nitahitaji kupima tena?

Kama kipimo kilifanywa vizuri ukiwa unakula gluteni na jumla ya IgA iko sawa, sio kila mwaka. Lakini siliaki inaweza kuanza umri wowote, kwa hiyo ukipata dalili mpya, ukaanza kupungukiwa damu, au mzazi, ndugu au mtoto wako akagundulika nayo, rudi upime (ndugu wa karibu namna hiyo uwezekano wao ni kama 1 kati ya 10). Na ukirudi, rudi ukiwa bado unakula mkate.